Misuli na Wenye Misuli

Siku hizi ni machache maneno yapendwayo na wasemaji wa siasa na wa biashara kama neno misuli. Mtu akipata mali, husemwa kuwa ana misuli ya fedha. Vyama viwili vikishindana, waandishi husema kuwa vinatunishiana misuli. Hata katika baraza la chifu hapa kwetu Mweiga nimemsikia kijana akimwonya mwenziwe asigombee mpaka wa shamba na bwana fulani, maana bwana huyo “ana misuli.” Nami nilimtazama bwana mwenyewe akishuka garini kwa shida, akitweta, mkono mmoja umeushika mlango asianguke, nikajiuliza: misuli hiyo inayotajwa iko wapi?

Swali hili si la mzaha, ndugu msomaji. Sisi tulio wakulima, na sisi tuliokuwa makarani kabla ya kurudi shambani, huishi kwa misuli ya namna mbili: ile tuliyopewa na Mungu, ya mikono na migongo yetu; na ile ya watu wengine, inayotukalia mabegani. Yafaa basi tulichungue neno hili, tujue misuli halisi hufanya kazi namna gani, kisha tuone kama wanaojisifia misuli ya namna ya pili wameifahamu ile ya kwanza.

Neno lenyewe limetufikia kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata katika Kilatini, ambamo maana yake ni panya mdogo. Watu wa kale waliona msuli wa mkono unavyopanda na kushuka chini ya ngozi, wakaufananisha na panya anayepita chini ya nguo. Wazee wa pwani nao wana msuli wa aina nyingine kabisa, nguo ya kujifunga kiunoni, ambao haumtishi mtu yeyote. Lakini Kiswahili hakikungoja neno la kuazima ili kuzisema nguvu kwa jina la kiungo cha mwili. Tangu zamani atumiaye nguvu bila haki husemwa kuwa anatumia mabavu, nayo mabavu ni mbavu zilizokuzwa. Mwenye majivuno hujipiga kifua. Sheria nayo ina mkono mrefu. Kwetu Wakikuyu neno hinya hutaja nguvu za mwili na nguvu nyinginezo pia.

Liko neno moja jingine nilipendalo kupita hayo yote. Nyama ya mkono inayotuna mtu akunjapo kiwiko, na ile ya nyuma ya mguu chini ya goti, Kiswahili huziita tafu. Nao vijana, wakitaka msaada, husema: “Nipige tafu.” Basi tazama maajabu ya lugha: katika mabavu tumepata dhuluma, na katika tafu tumepata msaada. Mwili ni ule ule.

Sasa tuutazame mwili. Mtu ana misuli zaidi ya 600, nayo kwa kadiri ni kama sehemu mbili katika tano za uzito wake wote. Iko misuli inayotii amri zetu, kama ya mikono na miguu. Iko mingine inayofanya kazi bila kuulizwa, kama ile ya matumbo na ya mishipa ya damu. Tena uko moyo, ambao ni msuli wa pekee, hupiga mara 100,000 hivi kila siku, wala haujapata likizo tangu kabla hatujazaliwa. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka milima ya Nyandarua na tukatetemeka tukikamua ng'ombe alfajiri, kutetemeka huko ni kazi ya misuli: inajikaza na kujilegeza upesi upesi ili itoe joto. Kwa kweli sehemu kubwa ya chakula kinachotumiwa na msuli hugeuka joto, na kama robo tu ndiyo inayokuwa kazi. Kwa hiyo alimaye hutokwa na jasho hata siku ya baridi.

Jinsi msuli unavyojikaza ilikuwa fumbo kwa muda mrefu. Mwezi wa Mei 1954 makundi mawili ya wataalamu yalitoa maelezo yao katika toleo moja la jarida liitwalo Nature: kundi moja la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na la pili la Hugh Huxley na Bibi Jean Hanson. Mabwana hao wawili, ijapokuwa jina lao la ukoo ni moja, hawakuwa ndugu. Walionyesha kwamba ndani ya msuli mna nyuzi nyembamba sana za aina mbili, zimepangwa kama vidole vya mikono miwili vinavyopishana. Msuli unapojikaza, nyuzi hizo hazijikunji wala hazifupiki. Huteleza, moja ikaingia katikati ya nyingine. Fumba macho, uingize vidole vya mkono wa kulia kati ya vile vya kushoto, usogeze mikono yako ikaribiane, nawe utakuwa umeona kazi ya msuli.

Katika maelezo hayo mna jambo moja ambalo wenye misuli ya siasa na fedha wangepaswa kulikariri. Msuli huvuta tu; hauwezi kusukuma. Tafu ya mbele ya mkono hukunja kiwiko, lakini ikisha kukikunja haina uwezo wa kukinyosha tena. Kunyosha ni kazi ya msuli wa nyuma. Wa mbele ukivuta, wa nyuma hulegea. Wa nyuma ukivuta, wa mbele hulegea. Ikiwa yote miwili itakaza kwa pamoja bila kuachiana, mkono husimama kama mti, wala haufikishi kijiko kinywani. Basi hata jembe tunaloona kuwa ni la nguvu tupu huinuliwa na kushushwa kwa mapatano. Nguvu isiyojua kulegea si nguvu, ni kigugumizi cha mwili.

Nilijifunza habari za nguvu kwa mama yangu kabla sijajua kusoma. Alikuwa mwembamba, wala hapana mtu ambaye angemwita mwenye misuli. Lakini alikuwa akiupandisha mlima akiwa na mzigo wa kuni mgongoni, mkanda wa ngozi umepita juu ya kipaji chake, naye akizungumza na wenziwe bila kuhema. Mkanda huo uliacha alama katika paji la uso wake, bonde dogo ambalo halikufutika mpaka siku tuliyomzika. Tulipokuwa watoto tulidhani kila mama duniani ana alama hiyo.

Mwaka 1986 wataalamu, akiwamo Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha uchunguzi walioufanya juu ya wanawake wa Kikuyu wachukuao kwa mkanda, na wanawake wa Kijaluo wachukuao kichwani. Walipima hewa waliyoitumia wakitembea, bila mzigo na wakiwa na mzigo. Wakaona kwamba mwanamke aliyezoea huweza kuchukua mzigo wa sehemu moja katika tano za uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya yule atembeaye mikono mitupu, na wengine waliweza kuchukua mzigo uliofika asilimia 70 ya uzito wao. Mwaka 1995 uchunguzi mwingine ulieleza sababu: wanawake hao, wakiwa na mzigo, huutumia mwendo wa mwili kama timazi linaloning'inia, hata hatua moja huirithisha ya pili nguvu zake, na kidogo sana hupotea.

Niliposoma habari hizo nilifurahi, kisha nikaona uchungu. Nilifurahi kwa kuwa elimu ilikiri waliyoyajua mama zetu. Niliona uchungu kwa kuwa mtu mwingine aweza kuyasoma na kusema: “Basi haiwaumi, waacheni wachukue.” Lakini aliyepima hewa ya pafu hakupima lile bonde la kipaji, wala miaka ya shule aliyoikosa msichana kwa ajili ya kuni na maji. Uhodari wa mchukuzi haumpi mtu mwingine haki ya kumwongezea mzigo.

Tena mama alijua kuchukua kwa lazima. Mwaka ule ule wa 1954, wataalamu walipokuwa wakieleza jinsi msuli unavyovuta, serikali ya kikoloni ilianza kuwakusanya watu wa Nyeri na wilaya za jirani katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa mwezi wa Oktoba 1952, nayo haikuondolewa mpaka 1960. Wanawake, wazee na watoto walitolewa vijijini kwenda kufanya kazi isiyo na mshahara, pamoja na kuchimba mahandaki marefu kandokando ya misitu ili wapiganaji wasipate chakula. Mama alikuwa msichana wakati huo. Hakupenda kuyasimulia, ila alisema mara moja kwamba mkono uchimbao kwa kupenda na mkono uchimbao kwa kuogopa huchoka kwa namna mbili, na uchovu wa pili hauondoki kwa kulala. Hayo ndiyo mabavu: mtu mmoja kuitumia misuli ya mwingine kana kwamba ni yake.

Nyakati hizo zimepita, na shukrani ziwaendee waliozipitisha. Lakini kuitumia misuli ya mwingine hakukwisha. Huja kwa mavazi mapya, na hapa kwetu huja kwa lori.

Kila ajuaye njia itokayo Nyeri, ikapita Mweiga na kuelekea Nyahururu, amewaona vijana wakipakia viazi. Gunia hujazwa, likashindiliwa, kisha likaongezwa wavu juu na kuvikwa kilemba. Ndilo gunia wengine waliitalo lumbesa. Gunia linalohesabiwa kuwa la kilo 100, likisha kuvikwa kilemba hufika kilo 150, wala zile 50 za juu hazina bei. Piga hesabu mwenyewe, ndugu karani: katika kila magunia matatu ya namna hiyo, moja limekwenda bure. Mkulima aliyelima kwa mgongo wake, akapalilia kwa mgongo wake, ametoa theluthi ya mavuno yake kuwa zawadi kwa mtu asiyemjua.

Na mchukuzi je? Shirika la Kazi Ulimwenguni lilishauri mwaka 1967 kwamba mzigo wa kuchukuliwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Jirani yangu mmoja alifanya kazi ya kupakia magunia hayo ya kilemba tangu alipotoka shule. Alikuwa na mabega kama ya fahali, nasi tulimsifu. Leo hajafika miaka arobaini, naye hawezi kumwinua mtoto wake wa pili kutoka sakafuni. Misuli yake haikumwangusha. Misuli ikipewa kazi, chakula na mapumziko huongezeka. Kilichomwangusha ni zile gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, ambazo hupata damu kidogo sana na kupona kwa taabu. Wenye kuangalia mabega yake hawakuuona uti wake. Ndivyo ilivyo tunapomsifu mtu kwa nguvu zake tu: tunasahau kuuliza kitu gani ndani yake kinavunjika.

Sheria ipo. Kanuni za viazi zilizotolewa mwaka 1019 baada ya Hijra hazipo, msomaji, wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Zilitolewa juzi tu, mwaka 2019, nazo husema kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Hata hivyo msimu uliopita nilipomwambia dalali mmoja habari za kanuni hizo, alicheka, akanijibu kwa adabu ya kutosha: “Mzee, sheria naijua. Lakini lori ni langu, na gunia ni langu. Kama una misuli, vipeleke mwenyewe Marikiti.” Vijana waliokuwa karibu walicheka pia, na wengine wao walikuwa watoto wa wakulima.

Maneno yale yaliniweka macho usiku. Maana alisema kweli: peke yangu sina misuli ya kupeleka viazi Nairobi. Viazi huoza, deni la mbolea halingoji, na karo ya shule ina tarehe yake. Ajuaye kwamba mwenziwe hawezi kungoja, huyo ndiye mwenye nguvu, hata awe hawezi kupanda ngazi. Misuli ya dalali haikuwa mkononi mwake; ilikuwa katika haraka yangu.

Nikakumbuka ndovu. Sisi tunaokaa chini ya Nyandarua twamjua ndovu kwa hasara. Ni mnyama wa tani tano au sita, na mkonga wake, usio na mfupa hata mmoja, ni misuli mitupu iliyosukwa kwa maelfu ya vifungu. Zamani aliweza kuimaliza kazi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja, na wakulima walikesha wakipiga madebe. Mwaka 1989 ilianzishwa kazi ya kuujengea msitu ua wa nyaya za umeme, ikaendelea kidogo kidogo kwa miaka 20, hata mwaka 2009 ua wa kilomita 400 hivi ukakamilika. Waya ule ni mwembamba kuliko kidole cha mtoto. Humzuiaje ndovu? Si kwa kushindana naye. Mwaka 1791 mtaalamu wa Italia aitwaye Luigi Galvani alitangaza kwamba mguu wa chura aliyekufa huruka ukiguswa na umeme, na tangu hapo watu walianza kufahamu kwamba amri ipitayo katika mishipa ya fahamu kwenda kwenye misuli ni ya umeme. Waya wa ua huzungumza na misuli ya ndovu kwa lugha yake yenyewe. Nguvu kubwa ilisimamishwa na ujuzi, na subira ya miaka 20, na watu wengi waliotoa kidogo kidogo.

Subira nayo ina misuli yake. Mama akichinja kuku wa kienyeji, tazama: nyama ya paja ni nyeusi, ya kidari ni nyeupe. Paja hutembea kutwa nzima, kwa hiyo limejaa kile kitu chekundu kihifadhicho hewa. Kidari hupiga mabawa kwa ghafula, kisha huchoka. Katika mwili wa mtu nyuzi za namna zote mbili zimechanganyika. Mkimbiaji wa mita 100 hujivunia zile za ghafula. Wakimbiaji wa mbali huishi kwa zile za kudumu. Bwana Kipchoge Keino, aliyekuwa mwalimu wa mazoezi katika chuo cha polisi cha Kiganjo, hapa karibu nasi, hakuwa mtu wa mapaja manene. Lakini mwaka 1968 alitwaa nishani ya dhahabu ya mita 1500 mjini Mexico. Bibi Catherine Ndereba, binti wa Nyeri, alishinda mbio za Boston mara nne, miaka ya 2000, 2001, 2004 na 2005. Na mwezi wa Oktoba 2001 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, wakati ambao mwanamke yeyote duniani alikuwa hajaufikia. Ukimwona njiani hungesema, “Huyu ana misuli.” Ungesema, “Huyu mama ni mpole.”

Lakini msuli, uwe wa ghafula au wa kudumu, una sharti moja: usipotumiwa hupungua. Ng'ombe aliniangusha mwaka mmoja, nikavunjika mkono, ukafungwa plasta kwa wiki sita. Plasta ilipoondolewa niliuona mkono mwembamba kama wa mtu mwingine, nao ulihitaji miezi kuwa wangu tena. Wazee nao hupungukiwa na misuli mwaka hata mwaka, na waganga hutushauri tusikae kitako kutwa nzima, bali tutembee, tuinue vitu kwa kiasi, na kula maharagwe, maziwa na mayai. Githeri ya mahindi na maharagwe, ambayo vijana wengine huiona haya, ni chakula chema sana cha kuujenga msuli, maana upungufu wa mahindi hujazwa na maharagwe.

Hali kadhalika nguvu za watu pamoja. Chama chetu kidogo cha wakulima kilikuwa kimefungwa plasta kwa miaka mingi. Daftari lilikuwapo, muhuri ulikuwapo, mwenyekiti alikuwapo, mikutano haikuwapo. Kila mtu aliuza peke yake kando ya barabara, kisha akalalamika peke yake nyumbani. Baada ya maneno ya yule dalali tulikutana, watu 23, chini ya mti. Tulipatana mambo matatu. La kwanza, mizani moja ya chama, na kila kiazi kipimwe kwa kilo. La pili, gunia la kilo 50, lisilo na kilemba, hata bei ikitajwa ya kuvutia namna gani. La tatu, mfuko wa akiba wa kumsaidia mwenye karo au ugonjwa, ili asilazimike kuuza kwa haraka. Hili la tatu ndilo kubwa, kwa kuwa ndilo linaloiondoa misuli mkononi mwa dalali.

Sitawadanganya kwamba tumeshinda. Wawili wamekwisha kutoroka na kuuza usiku. Mavuno ya msimu huu bado yamo ardhini, na malori yatakuja. Wala hatutaki kumvunja dalali mgongo. Tunamhitaji, maana lori ni lake, naye anatuhitaji, maana viazi ni vyetu. Tunataka afanye kama msuli wa mbele na wa nyuma: yeye avute kwa zamu yake, nasi tuvute kwa zamu yetu, na kila mmoja ajue kulegea. Mkono ukunjwao siku zote bila kunyoshwa, huo ni mkono wenye ugonjwa.

Basi ndugu msomaji, ukimsikia mtu akitunisha misuli katika mkutano au sokoni, usimwogope mara moja, wala usimcheke. Uliza maswali mawili. La kwanza: misuli hiyo ni yake, au ni yetu aliyoiazima bila kutuomba? La pili: je, aweza kupiga tafu, au aweza mabavu tu? Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe, nasi tumewapisha wengi. Lakini walisema pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wiki mbili zijazo tutaanza kuchimba viazi. Mizani imekwisha kununuliwa, nayo imetundikwa kwenye boriti ya ghala, ikingoja gunia la kwanza.